KWA NINI KUTU HULA CHUMA NA KUIACHA DHAHABU

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Katibu wetu aliponitaka niseme neno mbele yenu jioni hii, alinipa ruhusa nichague jambo lolote nipendalo, maadam si siasa wala mishahara, kwa sababu mambo hayo mawili yana jioni zake. Nimechagua habari ya metali, na naona wengine wenu mmekwisha kutazama saa. Subirini kidogo. Jambo hili li karibu na mifuko yenu kuliko mnavyodhani.

Mnakumbuka mkutano uliopita. Mwenzetu mmoja, aliyekopa katika mfuko wa chama akajenga nyumba kwao pwani, alisimama akaeleza ya kuwa paa lake limeanza kutoboka na mkopo haujaisha kulipwa. Wengi wakapaza sauti kwamba muuza mabati amemdanganya, na likapitishwa shauri ya kuwa chama kimwandikie mwanasheria. Mimi ndiye karani niliyepewa kazi ya kuiandika barua ile. Kabla ya kuiandika nilikwenda kulitazama paa lenyewe, nikapanda ngazi, na niliyoyaona huko juu ndiyo yaliyonirudisha katika madaftari yangu ya kemia ya shule ya misheni. Nitawaambia niliyoyaona, ila si sasa. Kwanza yatupasa kuelewana juu ya metali zenyewe.

Tuanze na majina. Neno letu madini ni pana mno: makaa ya mawe, almasi, chumvi ya mwambani na dhahabu, vyote ni madini. Jioni hii sisemi habari za vyote hivyo, ila vile ving'aavyo vikisuguliwa, vipitishavyo umeme na moto, na ambavyo kwa kawaida hukubali kufuliwa kwa nyundo. Hivyo wataalamu huviita metali, nami nitalitumia neno hilo.

Tena liko neno bati, na hili ni mtego. Kopo la maziwa twasema ni la bati. Karatasi ya kuezekea nyumba twaiita bati. Mtu husadiki kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Vyote viwili ndani yake ni chuma. Walakini kopo limepakwa bati lenyewe, yaani ile metali nyeupe laini ambayo mafundi huichanganya na risasi wapate kulehemu, na bati la paa limepakwa zinki. Chukueni msumari, mkwaruze vyote viwili hata chuma kionekane, kisha mviache nje mvuani. Kopo litashika kutu mahali pa mkwaruzo, tena upesi kuliko chuma kitupu kisichopakwa kitu. Bati la paa, mahali pa mkwaruzo, litakaa muda mrefu bila kutu. Jina moja, tabia mbili zipinganazo. Awezaye kueleza sababu yake amekwisha kuelewa nusu ya niliyokuja kuyasema.

Mwaka 1869 mwalimu wa Chuo Kikuu cha St Petersburg, Urusi, jina lake Dmitri Mendeleev, alikuwa akitunga kitabu cha kemia kwa ajili ya wanafunzi, akataabika jinsi ya kuzipanga elementi, yaani vile vitu vya asili ambavyo vitu vingine vyote vimefanyizwa kwavyo. Wakati ule zilijulikana 63. Akazipanga kwa uzito wa atomi zake, toka nyepesi hata nzito, akaona ya kuwa tabia zake hurudi tena na tena kwa zamu, kama siku za juma zirudivyo. Basi kila tabia iliporudi alianza mstari mpya, hata elementi zenye tabia moja zikasimama katika safu moja, hii chini ya hii. Sisi makarani twaijua kazi ya namna hiyo. Ni kama mtu apangaye majalada kwa tarehe, kisha aone kwamba majalada yote ya kodi yameangukia Ijumaa, wala hakukusudia.

Palipokuwa hapana elementi ya kufaa, Mendeleev hakulazimisha. Aliacha nafasi tupu, akasema iko elementi ya hapa ila haijaonekana. Chini ya alumini aliacha nafasi moja, akaandika mapema uzito na tabia za metali ambayo hakuna mtu aliyeiona. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata, akaiita galiamu. Alipoipima akasema kwamba uzito wake ni mara 4.7 ya uzito wa maji. Mendeleev akaleta maneno ya kuwa yapasa iwe karibu na 5.9, basi aisafishe metali yake apime tena. Akapima tena, ikawa 5.9. Mtu ambaye hajapata kuishika metali ile alimsahihisha mtu aliyekuwa nayo mkononi. Katika masahihisho yote ambayo nimesikia habari zake, hayo ndiyo niyapendayo kupita mengine.

Leo elementi katika jedwali ni 118, na nyingi kati yake ni metali. Zimesimama katika safu 18, wala hazipangwi tena kwa uzito, bali kwa hesabu ya protoni zilizo katika kiini cha atomi, tangu Mwingereza Henry Moseley alipoonyesha njia ya kuzihesabu mwaka 1913. Lakini umbo la jedwali ni lile lile la Mrusi.

Sasa safu hizo zatuambia nini juu ya kutu? Kila atomi ina kiini chenye umeme wa namna moja, na kando yake zimo elektroni zenye umeme wa namna ya pili, zimekaa kwa matabaka. Tabaka la nje ndilo la biashara. Metali ni mtoaji: ikikutana na elementi nyingine huelekea kutoa elektroni zake za nje. Oksijeni na klorini ni wapokeaji. Kutu basi ni chuma kilichokwisha kutoa elektroni zake kwa oksijeni, kikakaa nayo pamoja na maji. Tukisema metali hii ni kali na ile ni pole, maana yetu ni kwamba hii hutoa upesi na ile hushikilia mali yake.

Safu ya kwanza, mkono wa kushoto wa jedwali, ni ya wakali wenyewe: lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu, sesiamu. Kila moja ina elektroni moja tu katika tabaka la nje. Tofauti yao ni umbali. Lithiamu ina matabaka mawili, sodiamu matatu, potasiamu manne, na kuendelea hivyo hata sesiamu yenye sita. Fikirini mbuzi mmoja aliyefungwa kwa kamba. Kamba ikiwa fupi, amekaa mlangoni pa mwenyewe. Ikiwa ndefu, na katikati pana vichaka, apitaye humchukua bila kuonekana. Ndiyo sababu katika safu hii ukali huongezeka kadiri unavyoshuka. Lithiamu katika maji hutoa povu polepole. Sodiamu huyeyuka ikawa tone la duara, ikakimbia juu ya maji kwa kelele. Potasiamu huwasha moto wa rangi ya zambarau pale pale. Sesiamu hupasuka kwa kishindo, na hata chombo huweza kuvunjika. Huwekwa ndani ya kioo kilichozibwa, na kwa kuwa huyeyuka kwa joto la digrii 28.5, mchana wa Dar es Salaam watosha kuigeuza maji.

Kwa hiyo hapana mtu aliyepata kuchimba sodiamu tupu ardhini. Imekwisha kutoa elektroni yake zamani za kale. Twaiona katika chumvi ya kila siku, imeshikana na klorini. Twaiona katika magadi ya Ziwa Magadi kule Kenya na Ziwa Natron huku Tanzania. Watu walikula chumvi na kupikia magadi maelfu ya miaka wala hawakujua kuwa ndani yake imo metali nyeupe, laini ya kukatwa kwa kisu. Mwaka 1807 Humphry Davy, katika Royal Institution ya London, alipitisha umeme katika potasi iliyoyeyushwa, akatoa potasiamu, na baada ya siku chache akaitoa sodiamu pia. Yasemwa alicheza chumbani kwa furaha. Mwaka uliofuata akazitoa magnesiamu, kalsiamu, stronshiamu na bariamu.

Hizo nne za mwaka 1808 ni za safu ya pili. Zina elektroni mbili za nje, na kwa kuwa kiini chao kina protoni moja zaidi ya jirani wa kushoto, hushikilia kidogo zaidi. Sheria ya kushuka ni ile ile: magnesiamu katika maji baridi haifanyi jambo la kutazamwa, kalsiamu hutoa mapovu, bariamu huzidi. Basi kwa upande wa kushoto wa jedwali tuna sheria mbili nyepesi kukumbuka: ukishuka safu, ukali huongezeka, ukienda kulia, ukali hupungua. Kama jedwali lote lingekuwa hivyo, ningeketi sasa hivi.

Lakini tazameni alumini, iliyo katika safu ya 13, jirani wa magnesiamu upande wa kulia. Kwa tabia yake ya asili ni kali, kali kuliko zinki na chuma. Ilishikamana na oksijeni kwa nguvu hata ikawa ghali mno, mpaka mwaka 1886 Mmarekani Charles Hall na Mfaransa Paul Héroult, kila mmoja peke yake, walipogundua njia ya kuitoa kwa umeme. Sasa imejaa jikoni kwetu. Mbona sufuria haiozi? Kwa sababu alumini ikiguswa na hewa hufanya ngozi ya oksidi mara moja, ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, lakini imeshika sana wala haipitishi hewa wala maji. Kutu ya chuma ni kinyume chake: ni ya ungaunga, hubanduka, na chini yake chuma kipya huanza kuliwa. Kwa hiyo yule aliye mkali zaidi amevaa nguo, na aliye pole zaidi yu uchi. Hili jedwali halikwambii. Yapasa ulijue mbali.

Na nguo hiyo ina adui wake. Magadi huiyeyusha. Apikaye maharagwe kwa magadi katika sufuria ya alumini ataona ndani pamekuwa peusi na pamechimbika, na kilichochimbika kimeingia katika maharagwe. Ndimu na ukwaju navyo huila, ingawa si kama magadi. Mama zetu waliopika kwa magadi katika chungu cha udongo hawakupata hasara hiyo. Chungu kipo hata leo, na bei yake si kubwa.

Sasa twende katikati ya jedwali, ambako ndiko ziliko metali za kazi zetu. Safu ya 11 ina shaba, fedha na dhahabu. Kwa sheria ya safu ya kwanza, dhahabu iliyo chini ingekuwa kali kuliko shaba. Kila bibi harusi ajua kuwa sivyo. Dhahabu iliyotoka kaburini baada ya miaka elfu hung'aa kama ilivyoingia. Fedha huwa nyeusi kwa gandi la salfa. Shaba huvaa ukoko wa kijani. Hapa sheria imepinduka: ukishuka, upole huongezeka. Safu ya 12 vivyo hivyo: zinki ya juu ni kali, zebaki iliyo chini ni pole.

Sababu ni hii. Toka shaba hata dhahabu matabaka huongezeka, ni kweli, lakini protoni za kiini huongezeka mno: shaba 29, fedha 47, dhahabu 79. Elektroni za ndani zinazojaza sehemu hii ya jedwali hazikingi vema mvuto wa kiini. Kwa mfano wetu, kamba imekuwa ndefu lakini vichaka vimefyekwa, na mwenye mbuzi amepata macho makali. Tena katika atomi nzito kama dhahabu, elektroni za ndani kabisa hukimbia kupita nusu ya mwendo wa nuru, na kwa ajili hiyo hata ile ya nje huvutwa karibu zaidi. Basi dhahabu haitoi elektroni yake kwa oksijeni wala kwa asidi ya kawaida peke yake. Yataka mchanganyiko wa asidi mbili, ya naitriki na ya haidrokloriki, uitwao maji ya kifalme. Mwaka 1940, Wajerumani walipoingia Copenhagen, mtaalamu George de Hevesy alizificha nishani mbili za dhahabu za tuzo ya Nobel kwa kuziyeyusha katika maji hayo. Chupa ikakaa rafuni wakati wote wa vita, wala hakuna aliyeishuku. Vita ilipokwisha dhahabu ikatolewa majini na nishani zikafanywa upya.

Hata shaba, iliyo juu katika safu hiyo, si ya kudharauliwa kwa upole. Mwaka 1944, katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, askari mmoja aliokota sarafu za shaba, na tano kati yake huhesabiwa kuwa za Kilwa ya zamani. Zilivyofika huko hapana ajuaye. Lakini kama wafalme wa Kilwa wangepiga sarafu za chuma, askari yule asingeokota kitu ila doa jekundu mchangani.

Basi katikati ya jedwali safu peke yake haitoshi kukwambia nani mkali kuliko nani. Imebidi wataalamu wapime. Walizipima kwa volti, metali ikiwa ndani ya maji yenye chumvi zake yenyewe, wakaweka haidrojeni kuwa sifuri. Nitasoma chache tu: zinki iko chini ya sifuri kwa 0.76, chuma kwa 0.44, bati kwa 0.14, shaba iko juu ya sifuri kwa 0.34, na fedha kwa 0.80. Aliye chini zaidi ndiye mtoaji mwepesi zaidi. Sisi tuliozoea vitabu vya hesabu tutaona upesi: ni orodha ya wenye kutoa, na kila mmoja hutoa kwa niaba ya wote walio juu yake ikiwa wamegusana na pana maji.

Neno hili, wamegusana na pana maji, ndilo ufunguo wa mabati. Zinki na chuma zikigusana na mvua ikanyesha, zinki ndiyo itoayo. Huliwa yenyewe, chuma kikapona, hata mahali palipokwaruzwa ambapo zinki haipo ila iko kando kidogo. Bati na chuma zikigusana mvuani, chuma ndicho kitoacho, na bati huketi salama likitazama. Kwa hiyo bati hulinda chuma kama ukuta ulindavyo: tundu moja, na mwizi yu ndani. Zinki hulinda kama mdhamini: mdai akija, hulipa yeye, mpaka mali yake iishe.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1761 waliivika manowari yao Alarm mabamba ya shaba chini ya maji, wadudu wasile mbao. Ilipotazamwa miaka miwili baadaye, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Ila mahali ambapo karatasi ya kufungia mabamba ilikuwa imesahauliwa katikati, misumari ilikuwa mizima. Karatasi tu. Mwaka 1824 Davy yule yule, sasa mzee wa heshima, akawashauri wafunge vipande vya zinki au chuma juu ya shaba ili shaba isiliwe. Shaba ikapona kama alivyosema. Lakini shaba isiyoliwa haitoi sumu majini, basi majani na makombe yakaota chini ya meli hata zikawa nzito kwenda, na haukupita muda mrefu amri ikatoka vipande viondolewe. Nimependa kuitaja habari hii kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Wenyeji wa pwani yetu walioshona mitepe kwa kamba za makumbi hawakuwa na shida ya namna hiyo, maana hamkuwamo msumari hata mmoja.

Sasa nilirudi kwenye ngazi. Paa la mwenzetu lina pande mbili. Upande wa nyuma mabati yake yamefifia, lakini ni mazima. Upande wa mbele yametoboka, na matobo hayakutawanyika: yamefuatana kwa mstari, toka juu hata ukingoni, katika migongo na mifereji miwili mitatu. Juu ya mifereji hiyo, fundi aliyefunga redio alikuwa amelaza waya wa shaba usio na ganda, akaufunga kwenye bati lenyewe. Kila mvua iliponyesha, na kila usiku umande wenye chumvi ya bahari ulipotua, shaba na zinki ziligusana penye maji. Tena maji yaliyopita juu ya shaba yalichukua kidogo ya shaba hiyo yakaiacha chini njiani. Mdhamini alilipa na kulipa. Alipofilisika, ikawa zamu ya chuma.

Tena niliitazama risiti. Mwenzetu aliuliza geji, akauziwa geji aliyoiuliza, geji 30. Sisi sote huuliza geji. Lakini geji yaeleza unene wa karatasi nzima, na kadiri namba inavyokuwa kubwa karatasi huwa nyembamba. Haisemi neno juu ya wingi wa zinki. Wingi wa zinki huandikwa kwa herufi Z na namba: Z275 maana yake gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili pamoja, Z100 ni gramu 100. Yenye herufi AZ yamepakwa mchanganyiko wa alumini asilimia 55, na kilichosalia karibu chote ni zinki; hapo ile ngozi ya alumini na udhamini wa zinki hufanya kazi pamoja. Karatasi mbili za geji moja zaweza kuwa na zinki nyingi na zinki kidogo, na kwa macho zikang'aa sawasawa dukani. Wa pwani asiridhike na geji peke yake.

Bwana Mwenyekiti, kwa hayo naomba shauri la barua lirudishwe mezani kabla sijaiandika. Sisemi kwamba wauza mabati wote ni malaika. Nasema kwamba paa lile litasimama shahidi upande wa muuzaji, kwa sababu bati lile lile, la siku ile ile, lililo upande wa nyuma ni zima, na mwanasheria wake hatakosa kuona waya. Gharama za kesi zitatoka katika mfuko ule ule ambao wajane wa wanachama hutazamia. Fedha hiyo yatosha kumsaidia mwenzetu kubadili karatasi zilizotoboka. Na waya uondolewe leo, usingoje kikao.

Yako mengine machache ambayo mjenzi ayatie akilini. Misumari ya paa iwe ya kupakwa zinki. Vumbi la chuma litokalo kwenye msumeno lifagiwe siku ile ile, maana huanza kutu juu ya bati na kuacha madoa. Saruji mbichi na chokaa visiachwe juu ya mabati, kwani huila zinki na alumini pia, kama magadi yalavyo sufuria.

Nimeulizwa pia, kabla ya mkutano, juu ya sufuria za shaba za zamani zilizo katika nyumba nyingi za pwani, ambazo mafundi huzitia bati kwa ndani. Hapa mtaona ajabu ya orodha ile. Bati lililokuwa msaliti juu ya chuma ni mlinzi mwaminifu juu ya shaba, kwa kuwa shaba iko juu yake: likikwaruzwa, huliwa bati, si shaba. Lakini likiisha lote, na mtu akapika humo kitu cha ndimu, siki au ukwaju, shaba huingia chakulani, na walaji hutapika. Wekundu ukionekana ndani, sufuria iende kwa fundi kwanza.

Na mtu asidhani kwamba metali iliyo pole kwa kutu ni pole kwa mwili. Risasi na zebaki ni za kivivu katika orodha, na zote mbili ni sumu mbaya. Vijana wetu wachimbao dhahabu Geita na Chunya hukamata vumbi la dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki juu ya moto, na moshi wake huharibu akili na mishipa. Na sufuria zinazosubuliwa kwa vyuma chakavu zaweza kuwa na risasi ndani yake, kama aliyeyeyusha hakuchagua alichotia katika tanuru. Kwa watoto risasi kidogo tu yatosha kudhuru.

Juu ya meza ile pale, mabibi na mabwana, nimeweka bilauri tatu za maji ya chumvi tangu Jumatatu ya juma lililopita. Katika ya kwanza umo msumari mtupu. Katika ya pili msumari uliozungushwa waya wa shaba. Katika ya tatu msumari uliozungushwa kipande cha zinki nilichokikata katika betri kuukuu ya tochi. Sikuandika majina juu ya bilauri. Njooni mzitazame kwa zamu, kila mmoja aseme ipi ni ipi, na Bwana Katibu aandike majibu kabla sijasema neno.